Nimeachiwa takwimu za chuo, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msaidizi katika ofisi ya usajili ya chuo kikuu kishiriki huku Nyanda za Juu Kusini. Aliyekuwa afisa takwimu amehamia mkoa mwingine, na mimi nimeachiwa kazi yake ya kupeleka takwimu za chuo kwenye mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Nilichokabidhiwa ni bahasha yenye jina la mtumiaji na nywila, pamoja na faili moja la Excel lenye shiti 14. Zimebaki wiki tatu. Nianze na shiti ipi? Na nikikuta takwimu za mwaka jana hazilingani na ninachokiona sasa, nizirekebishe?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole na kazi, na pole zaidi kwa namna ulivyokabidhiwa.

Usianze na shiti yoyote. Hilo faili litolee nakala, uiweke mahali ambapo hutaigusa, kisha nenda kaombe kwa watu wa TEHAMA orodha ya wanafunzi wote iliyomo kwenye mfumo wa chuo, jina kwa jina, kila mwanafunzi na mstari wake. Zile shiti 14 ni majumlisho tu, na majumlisho yaliyofanywa na mtu mwingine huwezi kuyatetea hata ukiyakariri. Orodha unaweza kuitetea.

Nimeifanya kazi hii miaka kumi na minane katika vyuo viwili, na ninalotaka ulishike kabla ya yote ni hili: kila tarakimu utakayoipeleka iwe na watu nyuma yake. Ukiandika kwamba wanawake wa mwaka wa pili wa ualimu ni 63, uwe na faili ambalo ukilifungua unawaona wote 63, kila mmoja na namba yake ya usajili. Mwaka wangu wa tatu kazini nilipeleka jumla ya wanafunzi 1,204. Mwezi uliofuata ofisi ya fedha ya chuo kile kile ikatoa 1,189. Mkuu wa chuo akaniita, akaniuliza swali moja tu: hawa 15 ni akina nani? Sikuwa na jibu. Nilikaa siku nne nikipekua majalada ya karatasi hadi nikawapata: walikuwa wameahirisha masomo, wakarudi, wakapewa namba mpya za usajili bila zile za zamani kufungwa. Watu 15 walikuwa wanahesabiwa mara mbili. Kama ningekuwa na orodha, kazi ile ingechukua robo saa.

Zamani jambo hili halikusumbua mtu. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa bado chini ya Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na wanafunzi 14, wote wa sheria. Hao unawahesabu kwa macho kabla hawajakaa. Leo TCU, iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa Sheria ya Vyuo Vikuu, inapokea takwimu za vyuo vya nchi nzima, vya serikali na vya binafsi, na ofisa anayezipokea hajawahi kuwaona wanafunzi wako. Anachokiona ni kile ulichokiandika.

Sasa tuje kwenye swali litakalokula wiki yako ya kwanza yote, na liache liile: mwanafunzi ni nani?

Unaweza kucheka, lakini pita ofisi tatu za chuo chako uulize idadi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, utapata majibu matatu, na kila ofisi itakuwa inasema kweli. Ofisi ya udahili itakupa waliochaguliwa. Ofisi ya usajili itakupa waliosajiliwa. Ofisi ya mitihani itakupa waliofanya mtihani. Katikati ya hapo kuna waliothibitisha udahili lakini hawakuripoti, na walioripoti, wakapewa chumba hosteli, wakaingia darasani, lakini hawajakamilisha usajili kwa sababu ada haijalipwa na bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, bado halijatoka.

Tofauti ya waliochaguliwa na waliosajiliwa ina historia yake. Kuanzia mwaka 2010 maombi ya kujiunga na vyuo vikuu yalipitia mfumo mmoja wa pamoja chini ya TCU, na mwombaji alipangiwa chuo kimoja. Mwaka 2017 utaratibu ukabadilika, waombaji wakarudi kuomba moja kwa moja vyuoni. Ndiyo maana kijana mmoja leo anaweza kuchaguliwa na vyuo vitatu kwa wakati mmoja, na anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Sasa fikiria vyuo vyote vitatu vikimhesabu kuwa ni wao. Taifa litakuwa na wanafunzi watatu mahali ambapo yupo mmoja, na huyo mmoja huenda yuko nyumbani bado anatafuta nauli. Kwa hiyo orodha ya waliochaguliwa ipeleke pale tu inapoulizwa kwa jina hilo. Penye swali la wanafunzi waliopo, jibu ni waliosajiliwa.

Waliosajiliwa lini, sasa? Hapo ndipo unahitaji tarehe. Fungua mwongozo ulioambatana na barua ya kuomba takwimu, uangalie kama tarehe ya kuhesabia imetajwa. Ikiwa imetajwa, ni hiyo hiyo, hata kama kwenu haiwafai. Ikiwa haikutajwa, nenda kwa Msajili mkubaliane siku moja, kwa mfano siku ya kufungwa kwa dirisha la usajili, muiandike kwenye waraka wa ndani na Msajili atie sahihi. Siku hiyo ikifika, toa orodha kwenye mfumo, ihifadhi kwa jina lenye tarehe, na usiibadilishe tena. Atakayesajiliwa kesho yake ni halali yake kusoma, ila kwenye hesabu ya mwaka huu hayumo. Watu watakulalamikia. Dekani mmoja aliwahi kunifuata ofisini kwa sababu idara yake ilipungukiwa wanafunzi saba waliosajiliwa siku mbili baada ya tarehe. Nilimwonyesha waraka, na mazungumzo yakaishia hapo kwa amani, kwa sababu waraka ulikuwa umetoka mapema kuliko lalamiko.

Ukimaliza mwaka wa kwanza, njoo kwa wanaoendelea. Chukua orodha ya mwaka jana na ya mwaka huu, ziweke pamoja, na kila jina lililokuwepo mwaka jana ulipatie maelezo. Wapo waliopanda mwaka, waliohitimu, wanaorudia mwaka, walioahirisha, waliohamia chuo kingine, waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, na waliofariki. Usiache jina hata moja bila maelezo. Waliobeba somo waliloshindwa kwenda nalo mwaka unaofuata, au wanaosubiri sapu, yaani mtihani wa marudio, wasikuchanganye: huyo bado ni mwanafunzi wa mwaka wake, sapu haimwondoi. Aliyeahirisha kwa barua yupo kwenye vitabu vya chuo lakini hayupo kwenye hesabu ya wanaosoma. Mweke kwenye safu yake mwenyewe ili akirudi usimwone mgeni.

Wanafunzi wa uzamili na uzamivu ndio wenye kuumiza kichwa. Utakuta mtu alimaliza masomo ya darasani miaka minne iliyopita, anaandika tasnifu, hajalipa ada wala kujisajili mwaka wa pili huu, na msimamizi wake anasema "huyu yupo, tunawasiliana." Kuwasiliana si usajili. Peleka majina yao kwa Kurugenzi ya Uzamili, kila jina lijibiwe kwa maandishi kama bado ana usajili hai, na asiye nao mtoe. Jumla itashuka na wakubwa hawatafurahi mwaka wa kwanza. Lakini ukiendelea kuwabeba, uwiano wa wanafunzi kwa wahadhiri wenye sifa ya kusimamia utaonekana mbaya kuliko ulivyo, na chuo kitaumia kwa wanafunzi ambao hakinao.

Wahitimu wana mtego wao, nao ni mwaka. Mwanafunzi aliyefanya mtihani wa mwisho Julai 2024 ni wa mwaka wa masomo 2023/2024. Seneti, kikao cha juu cha taaluma cha chuo, inaweza kupitisha matokeo yake Septemba, na mahafali yakafanyika Novemba au Desemba, wakati mwaka wa masomo wa 2024/2025 umeshaanza. Ongeza na mwaka wa fedha wa serikali unaoanza Julai 1 na kuishia Juni 30, hapo una miaka mitatu tofauti inayogombania mhitimu mmoja. Soma swali linasema mwaka gani. Ukijaza wahitimu, andika pembeni kwenye faili lako: "waliopitishwa na Seneti ya tarehe fulani." Mwakani utajishukuru.

Baada ya kujua nani unamhesabu, kuna kuhakikisha kwamba mtu mmoja ni mmoja. Majina yetu hayasaidii sana. Asha Juma Khamis aliyeandikishwa Unguja ndiye Asha J. Hamisi kwenye risiti ya ada, na huenda ndiye Asha Juma kwenye orodha ya hosteli. Usimtafute mtu kwa jina. Mtafute kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, ile yenye herufi, tarakimu nne za kituo, tarakimu nne za mtahiniwa, na mwaka. Aliyepitia kidato cha sita anayo, aliyekuja na stashahada kwa kawaida anayo pia, pamoja na namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Aliyesoma nje atakuwa na ulinganifu wa cheti chake kutoka NECTA. Ila angalia kitu kimoja ambacho hakimo kwenye mwongozo wowote niliowahi kusoma: aliyerisiti, yaani aliyerudia mtihani wa kidato cha nne, ana namba mbili. Ya kwanza inaanza na S, ya shuleni, ya pili inaanza na P, ya mtahiniwa wa kujitegemea. Akitumia moja kwenye udahili na nyingine kwenye maombi ya mkopo, mifumo miwili itaona watu wawili. Tengeneza safu mbili, moja kwa kila namba, na umwonyeshe mtu wa mikopo.

Hili la mikopo silisemi kupita tu. Vyuo ndivyo vinavyoiletea Bodi ya Mikopo taarifa za matokeo na usajili wa wanaoendelea, na taarifa zisipokaa sawa, anayeumia si wewe wala mimi. Nimewahi kumwona binti amekaa kwenye benchi nje ya ofisi yetu siku tatu mfululizo kwa sababu mstari wake mmoja ulisema "ameahirisha" wakati alikuwa darasani. Mstari ulirekebishwa kwa dakika mbili. Chakula cha wiki zile alikopa kwa wenzake.

Sasa nikukalishe mbele ya kompyuta, kwa sababu Excel hiyo hiyo unayoitegemea ndiyo itakayokuharibia kazi usipoiangalia. Chukua namba ya NIDA. Ina tarakimu 20. Excel, ikiona tarakimu tupu, inadhani ni hesabu, na hesabu inaihifadhi kwa tarakimu 15 tu. Tano za mwisho inazigeuza sifuri. Kwenye kiseli utaona kitu kama 2.00304E+19, na ukiipanua utaona namba ndefu nzuri inayoishia na sifuri tano. Haina alama nyekundu wala onyo. Ukihifadhi, zile tano zimekwenda na hazirudi. Wanafunzi wawili waliozaliwa siku moja wilaya moja wanaweza kutoka na namba moja. Dawa yake ni kuipa safu nzima umbo la maandishi kabla ya kubandika chochote, si baada ya kubandika. Na faili la CSV, lile la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, usilifungue kwa kulibofya mara mbili. Liingize kupitia menyu ya data, uiambie kila safu yenye namba ya utambulisho kwamba ni maandishi. Dawa hiyo hiyo inaokoa sifuri ya mwanzo ya namba za simu.

Tarehe za kuzaliwa nazo zikague. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani inaisoma 04/07/2003 kuwa Aprili 7, wakati mwanafunzi amezaliwa Julai 4. Hapa NIDA inakusaidia tena, maana tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zikate hizo nane, zilinganishe na tarehe iliyoandikwa kwenye faili, na kila zisipofanana ujue moja kati ya hizo mbili ina kosa. Mara ya kwanza kufanya hivi nilipata makosa mengi kiasi kwamba nilidhani fomula yangu ndiyo mbovu. Haikuwa mbovu.

Kwenye programu za masomo sitakaa sana. Tumia jina na msimbo ule ule uliomo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka husika, herufi kwa herufi. Mitaala ikihuishwa jina hubadilika, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaweza kuwa chini ya jina la zamani wakati wa mwaka wa kwanza wako chini ya jipya. Usiwaunganishe kwa sababu tu unajua ni kozi ile ile. Na ukiombwa takwimu kwa ngazi, uliza ni ngazi za nani. Kwenye mfumo wetu wa tuzo, ngazi ya 8 ni shahada ya kwanza, 9 ni umahiri (uzamili), 10 ni uzamivu. Kwenye uainishaji wa UNESCO wa mwaka 2011, shahada ya kwanza ni 6, umahiri ni 7, na 8 ni uzamivu. Jedwali la shahada ya kwanza likitumwa UNESCO likiwa limeandikwa "8", chuo chako kitaonekana kina madaktari wa falsafa kwa mamia.

Wafanyakazi nao wana mlango wao. Orodha ya wahadhiri omba Utumishi, si idarani, kwa sababu idara itakupa kila anayefundisha, na Utumishi itakupa kila mwenye mkataba. Unazihitaji zote mbili, uzioanishe. Mhadhiri wa muda anayefundisha kwenu Jumatano na kwingine siku nyingine asikae safu moja na wa kudumu. Aliye masomoni kwa uzamivu nje ya nchi ni mwajiriwa wenu, ila hayupo darasani, na mfumo ukiuliza waliopo kazini usimtie. Cheo nacho kichukue kwenye barua ya mwisho ya kupandishwa, si kwenye kibao cha mlangoni. Watu hupandishwa vyeo vibao vikabaki, na wengine huweka vibao mapema.

Kuhusu bahasha yako: usiitumie zaidi ya mara moja. Ingia, ubadilishe nywila, kisha chuo kiandike barua rasmi kwa TCU kuomba akaunti kwa jina lako na kufungwa kwa ya aliyeondoka. Kila kinachopelekwa kwa akaunti yake kitasomeka yeye ndiye aliyepeleka, na hiyo si haki kwake wala kwako. Orodha za majina usizitume kwenye makundi ya WhatsApp hata kama dekani ameomba haraka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inavihusu vyuo pia. Taarifa za ulemavu na afya ni nyeti zaidi; hizo ziweke kwenye faili la peke yake lenye nywila, na kwenye jedwali peleka idadi tu.

Wiki zako tatu zigawe hivi. Ya kwanza ni ya maana ya maneno, tarehe ya kuhesabia, na kukusanya orodha. Ya pili ni ya kusafisha: namba zinazojirudia, tarehe, majina ya programu. Siku mbili za mwanzo za wiki ya tatu jumlisha, umpelekee Msajili karatasi moja yenye jumla kuu za mwaka huu na za mwaka jana zikiwa pembeni, asaini. Hapo ndipo ufungue mfumo na kujaza. Usisubiri siku ya mwisho, kwa sababu siku hiyo vyuo vyote vimo ndani na mfumo unakuwa mzito. Sura ya vitufe itabadilika kila baada ya muda, utaizoea kwa mchana mmoja. Ukimaliza kupakia, toa nakala ya kile mfumo unachoonyesha umepokea, uilinganishe na chako mstari kwa mstari. Mara moja nilipakia wanafunzi wote, mfumo ukapokea wote isipokuwa wale wenye alama ya nukta mkato kwenye jina la shule waliyotoka.

Na takwimu za mwaka jana? Usiziguse kimya kimya, hata kama akaunti inakuruhusu. Kwanza tafuta orodha iliyotumika mwaka jana. Mpigie aliyehamia, mkoa mwingine si mbali kwa simu, na mara nyingi tofauti ni ya tarehe ya kuhesabia tu wala si kosa. Ikiwa ni kosa kweli, andika idadi iliyopelekwa, idadi sahihi, na sababu, uambatishe orodha ya waliozidi au waliopungua kwa namba zao za usajili. Barua isainiwe na Mkuu wa Chuo au Msajili, iende TCU, na wao ndio watakaokufungulia dirisha la kurekebisha. Nakala ibaki kwenye jalada. Ukipiga simu hiyo kwa mwenzako, muulize pia shiti ya 14 ni ya nini. Katika kila faili nililowahi kurithi, shiti ya mwisho ndiyo iliyokuwa na maelezo ya aliyenitangulia, na hakuna aliyekumbuka kuniambia.